Kutoka Bandari ya Kale Hadi Kilindini: Ziara ya Siku Moja na Sahihisho Moja



Kamati ya jarida hili la kumbukumbu ilipotuomba tuandike makala ya historia, ilitupa na mada yake: mchango wa wazee wetu katika ujenzi wa bandari na reli ya Mombasa. Tuliipokea kazi hiyo kwa furaha, kwa kuwa tulidhani majibu tunayo tayari. Katika jarida lililotangulia, lile la miaka ishirini na mitano iliyopita, ilichapwa sentensi ambayo kila mmoja wetu ameikariri tangu utotoni: kwamba waasisi wa hekalu letu waliletwa Afrika Mashariki kujenga reli. Tuliona kilichobaki ni kuipamba sentensi hiyo kwa tarehe na takwimu, kisha kuitafutia picha nzuri.

Ili tupate picha hizo tuliandaa ziara ya siku moja. Tulikuwa watu kumi na tisa ndani ya basi dogo: vijana wa sekondari, akina mama wanne, mwalimu mstaafu, na mzee wetu wa miaka themanini na mmoja ambaye wadogo kwa wakubwa humwita Kaka. (Msomaji asiyejua Kigujarati asichanganyikiwe. Kwetu sisi "kaka" ni baba mdogo, na jambo hilo limezua vichekesho vingi sokoni.) Kiongozi wetu alikuwa mwenyeji wa Mji wa Kale, karani mstaafu wa bandarini, aliyekubali kutuongoza kwa sharti moja tu, kwamba tusimkatize kabla hajamaliza. Tulimwamkia "Shikamoo mzee," akaitikia "Marahaba wanangu," na safari ikaanza.

Saa mbili asubuhi tulikuwa Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye hori ya Tudor. Siku hizi pametulia. Jahazi tatu zilikuwa zimetia nanga, na hamali wachache walikuwa wakipandisha magunia kwa ngazi, migongo imeinama. Mtu asiyeelezwa hawezi kudhani kwamba kwa karne nyingi huu ndio uliokuwa mlango wa mji. Kaskazi inapovuma, tangu Desemba hadi Machi, vyombo viliteremka kutoka Arabuni, Sindh, Kutch na Kathiawar. Kusi ikishika, vikarudi makwao. Kotia za Mandvi zilileta nguo, mchele, samli, na baadaye vigae vyekundu vya Mangalore ambavyo bado vinaonekana juu ya mapaa ya mtaani. Zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi na karafuu. Nahodha aliyechelewa kupakia hata akaikosa kusi alilazimika kungoja msimu mwingine mzima, akila akiba yake na kukopa madukani.

Hapo ndipo mzee alipomgeukia Kaka na kumwuliza swali ambalo hatukulitarajia.

"Na babu yako, ndugu yangu, alikuja na kaskazi au alikuja na mkataba?"

"Alikuja kujenga reli," akajibu Kaka bila kusita.

"Alitoka wapi?"

"Mandvi."

Mzee aliitikia kwa kichwa, asiseme neno, akatuongoza kwenye ngazi za Leven, zinazobeba jina la manowari ya Kapteni Owen, Mwingereza aliyetia nanga hapa mwaka 1824. Sisi tuliona kuwa swali limejibiwa.

Forodhani alisimama kwa muda mrefu zaidi. Tangu miaka ya 1830, ukusanyaji wa ushuru katika himaya ya Seyyid Said ulikodishwa kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Mundra, mji ulio karibu na Mandvi kwenye ghuba ile ile ya Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi kilichopatanwa kila mwaka, kisha ikajikusanyia ushuru wenyewe. Mawakala wake walikaa katika bandari za pwani wakiwa na madaftari yao ya Kigujarati. Bila ya mtaji na hesabu zao, misafara ya bara isingepata bidhaa za kwenda nazo. Haya tuliyajua, na tuliyasikiliza huku tukitabasamu. Mzee aliendelea. Katika vitu vilivyotozwa ushuru forodhani walikuwamo binadamu, waliohesabiwa kwa kichwa. Fedha zilizokopeshwa misafara zilinunua pembe, na pia zilinunua watu wa kuzibeba. Aidha, mwaka 1860 Rigby, balozi wa Uingereza huko Unguja, aliwalazimisha Wahindi wa huko wawaachie huru watumwa waliokuwa wakiwamiliki majumbani na mashambani, na walioachiwa walikuwa maelfu.

Mmoja wa vijana wetu aliuliza kwa nini hakupata kusikia habari hii hekaluni. Hatukuwa na jibu la kumpa. Mwalimu mstaafu alisema tu kwamba hata yeye hakupata kuifundisha.

Ngomeni tulifika jua limeshapanda. Historia ya Ngome ya Yesu imeandikwa sana na hatuna haja ya kuirudia hapa: Wareno waliianza mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliani, Waomani waliizingira tangu Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698, Waingereza waliigeuza jela, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichotushika ni chombo kimoja. Wakati wa mzingiro huo merikebu ya kivita ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyoleta msaada kutoka Goa, ilizama mwaka 1697 chini ya kuta za ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu walivyovitoa vimo katika jumba la makumbusho. Merikebu hiyo haikuundwa Lisbon. Iliundwa mwaka 1681 huko Bassein, mji ambao leo huitwa Vasai, kaskazini ya Mumbai, na mbao zake ni za msaji wa Bara Hindi, mti ambao wengi wetu huuita mtiki. Tanná ni Thane, mji jirani wa Vasai.

Akina mama walifurahi mno kusikia hivyo. Mmoja wao ana dada aliyeolewa Thane, akampigia simu pale pale. Hata hivyo tulikumbushwa kwamba mbao zile na mikono iliyozichonga zilitumwa na mfalme wa Ureno kuja kupigana na watu wa pwani hii, wala hakuna aliyeuliza rai ya maseremala.

Kutoka ngomeni tulivuka daraja la Nyali. Zamani watu walivuka kwa mitumbwi, kisha tangu mwaka 1931 kwa daraja lililoelea juu ya maji, hadi la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Ng'ambo ya pili ni Kisauni, na njia panda ya kwanza ni Kengeleni. Sote tumepita Kengeleni mara elfu tukielekea Bamburi na Malindi, bila kuuliza kengele iko wapi. Ipo pale pale barabarani, imetundikwa kwenye mnara wake mdogo, magari yakiizunguka pande zote.

Frere Town ilianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875 ili kuwapokea watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa, baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la Unguja. Bartle Frere, aliyepewa heshima ya jina hilo, alikuwa gavana wa Bombay kabla ya kutumwa huku. Price, mmishonari aliyeusimamia mji huo mwanzoni, alikuwa ametoka Nashik. Huko Nashik kulikuwa na kituo cha watoto wa Kiafrika waliokamatwa na manowari za Waingereza baharini na kupelekwa Bombay, wakalelewa, wakasomeshwa na kufundishwa ufundi katika nchi ya mababu zetu. Walipokuwa watu wazima, baadhi yao walirudishwa upande huu. William Jones na Ishmael Semler walifika mwaka 1864, wakafanya kazi Rabai na hapa. Wengine walikuwa katika msafara uliobeba mwili wa Livingstone kutoka bara hadi pwani. Mmoja wa hao, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Mji uliwaita Bombay Africans, yaani Waafrika wa Bombay.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa maana jambo hili lilitukaa moyoni siku nzima. Tangu tulipokuwa watoto tumehesabu vyombo vilivyokuja kutoka Bara Hindi kuwa ni vyombo vyetu. Kumbe katika vyombo hivyo, kabla ya reli, walikuwamo watu wa Afrika waliokuwa wakirejea kwao, walioyazoea mazungumzo ya sokoni Nashik kama walivyoyazoea mabibi zetu. Wazao wao ni majirani zetu wa Kisauni. Katika majarida yetu yote ya kumbukumbu, hawatajwi popote.

Chakula cha mchana tulikula haraka garini, thepla na achari ya embe, tukarejea kisiwani kuelekea magharibi.

Njiani mzee alituonyesha mkondo wa reli ambao haupo tena. Kabla ya magari, Mombasa ilikuwa na vigari vidogo vilivyopita juu ya vyuma vyembamba kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Maafisa na matajiri walikaa kitako chini ya kitambaa cha kivuli, na vijana wawili wakavisukuma kwa nyuma, mbio, jua kali. Vyuma vyenyewe vilikuwa mabaki ya reli nyepesi ambayo Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilikusudia kuipeleka bara mwaka 1890 ikashindwa.

Reli yenyewe ilianza mwaka 1896. Bandari ya Kale haikufaa kupokea vichwa vya treni na shehena ya vyuma, kwa kuwa njia yake ni nyembamba na meli kubwa hazina mahali pa kugeukia. Mizigo ikahamia Kilindini, mahali ambapo jina lake peke yake linaeleza sifa yake, kwenye kilindi cha maji. Gati za kisasa, ambako meli hufunga kamba ubavuni mwa nchi kavu, zilijengwa katika miaka ya 1920; kabla yake shehena zilishushwa kwenye matishari ndipo ziletwe pwani. Mwezi Desemba 1901 reli ilifika Ziwa Nyanza, kiasi cha kilomita 930 kutoka baharini. Simba wa Tsavo wamesimuliwa vya kutosha na watu wengine.

Mbele ya stesheni ya zamani, ambayo treni zake za abiria kwenda Nairobi zilikoma mwaka 2017 wakati reli mpya ya Miritini ilipokaribia kufunguliwa, mzee alitoa karatasi aliyokuwa ameikunja mfukoni na kutusomea tarakimu. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka Bara Hindi kwa ajili ya reli walikuwa 31,983. Waliofariki ni 2,493. Waliorudishwa kwao kwa ugonjwa au ulemavu ni 6,454. Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu, kwa rupia 15 kwa mwezi pamoja na posho ya chakula. Wengi walitoka Punjab, na wakapanda meli Karachi. Wengi wao walikuwa Waislamu. Walikuwamo Masingasinga, walikuwamo na Wahindu. Baada ya kazi wengi wao walirudi nyumbani, na waliobaki Afrika Mashariki hawakufika elfu saba.

Alipomaliza alimtazama Kaka kwa upole. "Ndugu yangu, Mandvi haiko Punjab."

Kaka alikaa kimya. Yule kijana aliyeuliza forodhani alianza kupiga hesabu kwa sauti: babu wa Kaka alikuja mwaka gani, reli ilikuwa imefika wapi. Mama yake alimfinya asiendelee.

Inatupasa tueleze hapa kwamba wafanyabiashara wa Kigujarati hawakukaa mbali na reli. Alibhai Mulla Jeevanjee, Bohora wa Karachi, alikuwa mkandarasi wake mkubwa. Watu wetu walifungua maduka katika kila stesheni reli ilipofika, na makarani wengi wa tiketi na mizigo walikuwa akina Patel. Lakini kuifuata reli kwa biashara ni jambo moja, na kuponda kokoto chini ya jua la Taru kwa rupia 15 ni jambo lingine. Wale 2,493 wana wazao na ndugu zao, wengi wako Punjab ya pande zote mbili za mpaka, na wengi hawaabudu kama sisi. Tuliwachukulia marehemu wao tukawafanya waasisi wetu.

Tulifika lango la bandari alasiri. Hatukuruhusiwa kuingia, kama tulivyotarajia, kwa hiyo tulisimama nje kwenye kivuli cha mkungu, kreni zikionekana juu ya ukuta. Hapa mzee alikuwa nyumbani. Alitueleza jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya makontena: magenge ya watu ndani ya tumbo la meli, kamba, ndoana, magunia ya kahawa na ya saruji yakipandishwa mmoja mmoja, mapafu yakijaa vumbi. Waliitwa makuli. Neno hilo lilitoka Bara Hindi. Waingereza walilitumia kuwadharau vibarua wa reli. Kisha, vibarua hao walipokwisha kurudi kwao, neno likabaki gatini na kuwaangukia Wamijikenda, Waluo, Wakamba na Waswahili waliobeba mizigo. Shafi Adam Shafi alilipa neno hilo heshima yake alipoiita riwaya yake Kuli, iliyotoka mwaka 1979, kuhusu bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948.

Mgomo wa Mombasa ulitangulia ule wa Unguja. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waliacha kazi kwa pamoja: wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa majumbani. Mji ulisimama kwa siku kumi na mbili. Chege Kibachia aliongoza chama chao, African Workers' Federation, hadi alipokamatwa mwezi Agosti mwaka ule ule na kupelekwa uhamishoni. Walidai ujira unaotosha kula na kulipia chumba katika mji ambao vitu vilikuwa vimepanda bei tangu vita.

Mwalimu mstaafu aliuliza watu wetu walikuwa upande gani. Safari hii Kaka ndiye aliyejibu, nasi tunayaandika maneno yake kama tulivyoyasikia, kwa ruhusa yake.

"Baba yangu alifunga duka siku ya kwanza kwa hofu. Siku ya tatu mama alipika mwenyewe kwa kuwa mpishi hakuja, na mimi nilichekwa na ndugu zangu kwa kuchota maji. Mpishi aliporudi, baba alimkata mshahara wa siku zile. Nilikuwa mdogo, lakini hilo nalikumbuka. Na babu yangu hakujenga reli. Alikuja kwa kotia, reli ikiwa imekwisha fika Kisumu zamani. Aliuza kanga na mafuta ya taa. Hadithi ya reli ilianza kusimuliwa nyumbani baada ya uhuru, nadhani kwa sababu tuliulizwa tumefanya nini hapa, na kuuza kanga tuliona hakutoshi kuwa jibu."

Hakuna aliyesema kitu kwa kitambo. Kisha mzee wa Mji wa Kale alisema kwamba mama yake alinunua kanga nyingi katika maduka ya mtaa huo huo, nyingine kwa deni, na kwamba si deni zote zilizolipwa.

Tuliporudi tulikaa na daftari la kwanza la hekalu, tukapitia majina ya waasisi jina kwa jina pamoja na familia zao. Tuliwakuta wenye maduka, mshona nguo, sonara, na makarani wawili wa reli walioajiriwa njia ikiwa imeshakamilika. Mfanyakazi wa mkataba hatukumpata. Kwa hiyo, kwa idhini ya kamati, sentensi ya jarida lililopita inasahihishwa kama ifuatavyo: waasisi wa hekalu letu walikuwa wafanyabiashara, mafundi na makarani waliofika Mombasa kwa hiari yao, wengi kwa njia ya bahari iliyotumiwa na wazee wao kabla yao. Familia iliyo na habari tofauti na hii tunaiomba ituletee, pamoja na karatasi kama zipo.

Siku yenyewe tuliimalizia Mama Ngina, chini ya mibuyu, pale meli zinapopita karibu kabisa na nchi kavu zikiingia Kilindini. Akina mama walinunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, vijana wakanunua madafu. Saa kumi na mbili kasorobo meli ya makontena iliingia, mashua ya rubani ikiitangulia, kubwa hata ikaziba ng'ambo ya Likoni yote. Kijana mmoja alianza kuhesabu makontena akaacha. Kaka na mzee walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, wakibishana juu ya duka fulani la Barabara ya Biashara, kama mwenyewe alikuwa Mlohana au Mbhatia, na kama ni kweli alikuwa akipunja kipimo cha mchele.